Kukodisha programu za kompyuta Nairobi bila kuvunja sheria: hatua kwa hatua

Maswali ni yale yale. "Windows nimenunua na risiti ninayo, kwa nini nisikodishe mashine?" "Mfumo nimeuandika mwenyewe, nani wa kunizuia kuukodisha?" "PlayStation ni yangu na diski ni zangu, kosa liko wapi?" Wanaouliza ni wenye saiba, wanaokodisha laptopu za semina, na vijana wanaowafungia wenye maduka mifumo ya POS (ya kurekodi mauzo ya duka) ya kulipiwa kila mwezi. Jibu la msingi ni moja. Risiti inakupa haki ya kutumia nakala yako. Haki ya kuikodisha ni haki nyingine, nayo inabaki mkononi mwa mwenye hakimiliki mpaka akupe. Hapa utaona namna ya kuipata, au namna ya kupanga biashara yako isiihitaji.

Sheria, kwa ufupi tu

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, namba 12 ya mwaka 2001, inaiweka programu ya kompyuta katika kundi la kazi za maandishi, pamoja na vitabu. Kifungu cha 26 kinampa mwenye hakimiliki mamlaka ya kuamua nani ataisambaza kazi yake kwa umma, iwe kwa kuuza, kukodisha, kuazimisha au kuingiza nchini. Kukodisha kumetajwa waziwazi, wala hakujaachwa kwa kukisia.

Kenya pia ni mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani tangu 1995. Mkataba wa TRIPS wa shirika hilo, katika kifungu cha 11, unazitaka nchi zilinde haki ya kukodisha programu, isipokuwa pale ambapo programu yenyewe si kiini cha ukodishaji. Mtu akikodi gari, hajaja kwa ajili ya programu inayoendesha injini. Lakini mwanafunzi wa usanifu majengo akikodi laptopu yenye AutoCAD, AutoCAD ndiyo aliyoifuata. Marekani iliziba mwanya wa kukodisha programu mwaka 1990 na Jumuiya ya Ulaya mwaka 1991, maana diski iliyokodishwa jioni ilirudishwa asubuhi ikiwa imeshanakiliwa. Ndiyo sababu karibu kila leseni ya programu ya kulipia unayokutana nayo leo ina sharti la kukataza kukodisha.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Orodha ya mashine zako zote pamoja na namba ya serial ya kila moja.
- Ankara na risiti za programu, si za mashine pekee. Ujumbe wa M-Pesa unathibitisha kwamba ulimlipa mtu fulani, hauthibitishi kwamba una leseni.
- Maandishi kamili ya leseni ya kila programu, yamehifadhiwa kama PDF na tarehe uliyoyapakua.
- Mikataba yote ya kuandika mifumo: uliyowaandikia wateja, na ya waliokuandikia wewe.
- PIN ya KRA (Mamlaka ya Mapato), akaunti ya eTIMS (mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki) na cheti cha usajili wa biashara.
- Barua pepe ya biashara. Maombi ya leseni yanayotoka kwenye barua pepe ya mtu binafsi mara nyingi huachwa bila kujibiwa.

Hatua

1. Tambua unachokodisha hasa. Kuna mambo matatu na watu huyachanganya. Unaweza kukodisha mashine tupu, na mteja akaweka programu zake kwa leseni zake. Unaweza kukodisha mashine ikiwa na programu ndani. Au unaweza kukodisha matumizi ya programu iliyo kwenye seva yako, mteja akiingia kwa intaneti. La kwanza halina shida ya hakimiliki. La pili na la tatu yanahitaji ruhusa, na ruhusa zenyewe ni tofauti. Saiba iko katika la pili, hata kama mteja anakaa dakika kumi tu. Microsoft ilipoanzisha leseni ya nyongeza ya kukodisha Windows na Office mwaka 2010, saiba na wakodishaji wa mashine za ofisi walikuwa miongoni mwa waliolengwa, kwa kuwa leseni ya kawaida haikuwahusu.

2. Kagua leseni zilizomo kwenye mashine. Usiamini kibandiko kilicho chini ya laptopu. Fungua Command Prompt kama msimamizi, kisha andika:

slmgr /dli

Dirisha litatokea. Soma mstari wa maelezo. Ukiona OEM, leseni ilikuja na mashine hiyo na inabaki nayo. Ukiona RETAIL, ni leseni ya dukani. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT, simama hapo. Hiyo ni leseni ya taasisi kubwa inayothibitishwa na seva ya taasisi yenyewe. Laptopu iliyoletwa kutoka Ulaya na kuuzwa barabara ya Luthuli ikiwa na maneno hayo, ama imebaki na leseni ya kampuni iliyoitupa, ama imewekewa programu ya kudanganya uthibitishaji. Vyovyote iwavyo, si leseni yako.

Kwa Office, nenda kwenye folda ya C:\Program Files\Microsoft Office\Office16, kisha andika:

cscript ospp.vbs /dstatus

Andika matokeo mbele ya namba ya serial ya kila mashine. Usikague mashine tatu ukadhani zote ishirini ziko sawa. Shehena moja ya laptopu za mtumba huwa na leseni za kila aina.

3. Soma leseni ukitafuta maneno maalumu. Leseni ya Windows unaifikia kwa kuandika winver na kubofya kiungo cha masharti. Nyingine ziko kwenye tovuti ya mtengenezaji. Maandishi ni ya Kiingereza, hivyo bonyeza Ctrl+F na utafute haya moja moja: rent, lease, lend, sublicense (kumpa mwingine leseni chini ya yako), hosting, service bureau, commercial, transfer (kuhamisha), audit (ukaguzi).

Neno rent, lease au lend (kukodisha au kuazimisha) likiwa ndani ya orodha ya usiyoruhusiwa kufanya, jibu umelipata: bila ruhusa nyingine, hukodishi. Masharti ya Windows yana orodha ya namna hiyo. Programu za Adobe na Autodesk nazo zinakataza kukodisha. Service bureau maana yake ni kutumia programu kuwafanyia kazi watu wengine kwa malipo. Wahasibu wanaowawekea wateja wengi vitabu kwa leseni moja walitazame hilo hasa. Hosting likikatazwa, huwezi kuiweka programu kwenye seva yako na kuwaingiza wateja kwa mbali. Kwa Windows Server, anayetoa huduma hiyo kwa watu wa nje huhitaji mkataba wa watoa huduma unaoitwa SPLA.

Commercial, yaani matumizi ya biashara, ndilo linalowanasa wengi, kwa sababu programu huwa ya bure na mtu huona bure ni ruhusa. TeamViewer ya bure ni ya matumizi binafsi. Office Home & Student si ya biashara. Ukiziweka kwenye mashine ya kukodisha, umevunja masharti hata kabla mteja hajaiwasha.

Kwa lounge za PlayStation: kumiliki kifaa na diski hakubadilishi kitu. Masharti ya Sony yanakataza kukodisha michezo na kuitumia kibiashara. Idhini itoke kwa mwenye mchezo, na kibali cha biashara cha kaunti hakichukui nafasi yake.

4. Kama mfumo ni wako, hakikisha kweli ni wako. Hatua hii ndiyo inayoumiza waandishi wengi wa mifumo hapa Nairobi, na wengi huijua wakiwa tayari mbele ya wakili wa upande wa pili. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki kinasema kazi iliyoagizwa na mtu mwingine, au iliyofanywa na mwajiriwa akiwa kazini, hakimiliki yake inahesabiwa imehamia kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa kuna makubaliano yanayosema vingine.

Tazama maana yake. Mwenye supamaketi huko Githurai amekulipa umwandikie POS. Hamkuandikiana chochote kuhusu hakimiliki. Umemaliza, ameridhika. Sasa unataka kuukodisha mfumo ule ule kwa maduka mengine kumi kwa malipo ya kila mwezi. Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki iko kwa mwenye supamaketi, na wewe ndiye unayehitaji ruhusa yake. Kuandika kila mstari wa msimbo kwa mkono wako hakubadilishi hilo.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika mstari wa kwanza, mkataba wa kazi uwe na sentensi kama hii: "Hakimiliki ya mfumo huu inabaki kwa mwandishi. Mteja anapewa leseni isiyo ya kipekee ya kuutumia katika biashara yake." Wote wawili waweke saini. Kama kazi ilishafanyika na hamkuandikiana, mtafute mteja mapema mkiwa bado mnaelewana, umwombe akuhamishie hakimiliki kwa maandishi yenye saini. Kifungu cha 33 hakitambui uhamisho wa hakimiliki wala leseni ya kipekee isiyoandikwa na kutiwa saini. Jambo hilo si la kumalizia kwa WhatsApp.

Upande wa pili nao ni hivyo hivyo. Kijana aliyekusaidia kwa kibarua cha wiki mbili apewe karatasi inayosema kazi yake ni ya nani. Kagua pia maktaba za msimbo ulizotumia, hasa zenye leseni ya AGPL: ukiubadilisha msimbo wa namna hiyo na kuuendesha kwenye seva, wanaoutumia kwa mtandao wana haki ya kupewa chanzo chake.

Kusajili mfumo kwenye Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, si lazima ili hakimiliki iwepo. Sajili hata hivyo, kwa mtandao wao. Cheti chenye tarehe kinaokoa mabishano mengi.

5. Omba ruhusa kwa maandishi. Anza na msambazaji aliyeidhinishwa aliyeko nchini. Akikosa jibu, mwandikie mtengenezaji. Barua isizidi ukurasa mmoja, na iseme: jina la biashara na namba ya usajili, programu na toleo lake, idadi ya mashine, mahali zitakapotumika, muda mfupi na mrefu zaidi wa kukodisha, wateja ni wa aina gani, na jinsi utakavyozuia kunakili. Malizia kwa swali moja la wazi: "Je, leseni tuliyo nayo inaruhusu hili, na kama hairuhusu, ni ipi itakayoruhusu?"

Jibu la simu halikusaidii. Muuzaji akikuambia "hiyo haina shida, kila mtu anafanya", mwombe aandike. Asipoandika, chukua kwamba hakuna ruhusa. Muulize pia kama leseni ya nyongeza anayokupendekezea bado inatolewa, maana mipango hii hubadilika na kurasa za zamani hubaki mtandaoni.

6. Au badilisha njia. Mara nyingi hii ndiyo hatua ya busara kuliko zote, na kwa biashara ndogo tunaipendekeza kabla ya kuhangaika na barua.

Njia ya kwanza ni mteja aje na leseni yake. Kodisha mashine, yeye aingie kwa akaunti yake ya Microsoft 365 au Adobe, na aitoe anaporudisha. Mkataba useme hivyo.

Njia ya pili ni programu huria. Linux Mint au Ubuntu, LibreOffice, GIMP, Inkscape na Blender zinakodishika kwa malipo bila kuomba mtu. Masharti ni machache: usifute faili za leseni, usimwekee mteja vizuizi ambavyo leseni haina, na akiomba chanzo cha programu yenye leseni huria ya GPL mpe au mwelekeze kinakopatikana. Saiba ya kuchapisha hati, kujaza fomu za eCitizen na kuingia iTax haihitaji zaidi ya hapo. Jaribu kwanza printa na skana zako zote kwenye Linux, kwa sababu zikikataa, hapo ndipo mpango hukwama.

Njia ya tatu ni programu ambazo mtengenezaji mwenyewe huzikodisha. TallyPrime, kwa mfano, ina leseni za kukodi kwa muda. Mteja akikodi moja kwa moja kutoka kwa wakala, wewe unatoza ufungaji na mafunzo.

7. Andika mkataba na mteja. Kurasa mbili zinatosha. Usikose haya:

- Namba za serial za mashine, na jina na toleo la kila programu.
- Tarehe ya kuanza na ya kurudisha, na malipo ya kuchelewa kwa kila siku.
- Mteja hanakili, hakodishi kwa mwingine, haongezi programu bila idhini.
- Leseni inakoma siku mkataba unapokoma.
- Kama unaweza kuufunga mfumo kwa mbali asipolipa: sema wazi, na utoe notisi, tuseme siku 7.
- Data ya mteja itarudishwa vipi, na itafutwa lini.
- Mashine ikikodiwa na kampuni au chama, nani anawajibika.

Malipo ya mwisho yakimfanya mteja kuwa mwenye mashine, hilo si kukodisha tena. Ni ununuzi wa mafungu, una sheria yake na mkataba wake husajiliwa. Pata wakili kabla ya kuanza biashara ya namna hiyo.

8. Panga kodi za KRA mapema. Malipo ya haki ya kutumia au kusambaza programu yanaweza kuhesabiwa kuwa mrabaha (royalty). Kiwango cha kodi ya zuio (unayomkata unayemlipa na kuipeleka KRA) kwa mrabaha ni asilimia 5 ukimlipa mkazi na asilimia 20 ukimlipa asiye mkazi, isipokuwa kuna mkataba wa kodi kati ya Kenya na nchi yake unaoshusha kiwango. Kodi uliyozuia hupelekwa KRA ndani ya siku 5 za kazi. Leseni ya dola 1,000 kutoka nje inaweza kukugharimu zaidi ya hiyo, kwa sababu wauzaji wengi wa nje hukataa kukatwa na mzigo unakuangukia wewe. Iweke kwenye bei tangu mwanzo. VAT ni asilimia 16 mauzo yako yanayotozwa kodi yakifika shilingi milioni 5 kwa mwaka. Toa ankara ya eTIMS, la sivyo mteja wa kampuni hawezi kuihesabu kama gharama yake.

9. Weka rejista, na safisha mashine inaporudi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Jedwali moja linatosha: mashine, leseni, ushahidi wa leseni, mteja, kutoka, kurudi. Mashine ikirudi, tumia Reset this PC, chagua Remove everything, na uwashe usafishaji wa diski, si kufuta faili tu. Hati za mteja wa jana zikionwa na wa leo, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu moja kwa moja.

Makosa yanayorudiwa sana

Kununua leseni moja na kuibandika kwenye mashine kumi. Leseni ya watumiaji watano si ruhusa ya watu wowote kupokezana nafasi tano siku nzima. Kagua kama inahesabu watu, mashine au wanaoingia kwa wakati mmoja.

Kukodisha akaunti. Kumuuzia mtu neno la siri la Adobe yako kwa mwezi ni kukodisha programu, na akaunti ikifungwa mnapoteza wote wawili.

Kutegemea hukumu ya Ulaya. Watu hutaja kesi ya UsedSoft dhidi ya Oracle ya mwaka 2012. Kesi hiyo ilihusu kuuza tena leseni ya kudumu, mwuzaji akiacha kuitumia. Haikuruhusu kukodisha, wala si sheria ya Kenya.

Kuita ukodishaji "huduma". Kubadilisha jina kwenye ankara hakubadilishi kinachofanyika.

Mambo yakikwama

*slmgr inaonyesha KMS kwenye nusu ya mashine.* Zitoe kwenye kukodishwa leo. Mrudie aliyekuuzia na risiti, umtake leseni halali au pesa. Wakati unasubiri, weka Linux zifanye kazi.

*Mtengenezaji hajibu barua.* Kunyamaza si ruhusa. Hifadhi barua ulizotuma, na rudi hatua ya 6.

*Umepata barua ya mawakili wanaotaka kukagua mashine zako.* Usifute kitu, maana kufuta kutaonekana na kutakuumiza. Angalia kama leseni yako ina kifungu cha audit, kisha mpe wakili wako rejista ajibu kwa maandishi. Mkaguzi wa KECOBO ni jambo tofauti: ana mamlaka ya kisheria ya kuingia, nawe omba kuona cheti chake cha kazi kwanza. Kukodisha nakala haramu ni kosa la jinai lenye faini na kifungo.

*Mteja hajalipa na unataka kumfungia mfumo.* Funga tu kama mkataba unasema hivyo na notisi imeisha. Kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, hata kama anadaiwa. Usizuie data yake: mpe nakala ya mauzo yake, ufunge matumizi.

*Mteja wa zamani anadai mfumo ni wake kwa sababu alilipia kuandikwa.* Bila karatasi, yuko mahali pazuri kuliko wewe. Acha kuukodisha kwa wengine kwanza, kisha mpe pendekezo: matumizi ya bure kwa miaka kadhaa, au sehemu ya mapato, naye akuhamishie hakimiliki kwa saini.

*Laptopu imerudi na programu iliyokrakiwa aliyoiweka mteja.* Piga picha ya skrini ikionyesha tarehe ya ufungaji, iambatanishe na mkataba wake, safisha mashine, na usiitoe kwa mtu mwingine kabla ya kukagua leseni upya kama ilivyo katika hatua ya 2.